Shamba la Mahindi Lina Maharagwe Ndani

Nimestaafu, na watu wanadhani mtu akistaafu hasira zake nazo zinapewa kiinua mgongo zikaenda nyumbani kulala. Zangu hazijalala. Nawaandikia nyinyi mnaosomea kompyuta, hasa mlio huku kwetu Kitale na Bungoma, kwa sababu kuna jambo limefanyika msimu huu limenichoma roho, na lilifanywa na watu niliowafundisha mwenyewe. Mkitaka maneno matamu ya mzee anayeaga kazi, tafuteni mzee mwingine.

Kwanza mjue kazi yangu ilikuwa nini, maana hata ndugu zangu walikuwa wakiniletea redio zilizoharibika nizitengeneze. Nilikuwa mtafiti wa utafutaji wa habari. Mtu anauliza swali, mashine inapekua maandishi yote iliyowekewa, inamrudishia lile linalomfaa. Ukisikia hivyo unaona ni kazi ya kitoto. Shida yote imekaa kwenye hilo neno "linalomfaa". Jibu linalomfaa mwenye shamba la trekta kule Kitale linaweza kumlaza njaa mama wa kijijini Naitiri, Bungoma, na wote wawili wameuliza kwa maneno yale yale. Kwa hiyo mashine inapaswa kujua anayeuliza ni nani, anamuulizia nani, ni msimu gani, na jibu anakwenda kulifanyia nini. Vitabuni tunaita hayo muktadha. Nyumbani kwetu hayakuwa na jina, maana tuliishi ndani yake. Mama akiwa jikoni akisema "niletee ile kitu," tulijua kama ni mwiko au ni chumvi kwa kuangalia tu sufuria imefika wapi. Mgeni angesimama pale akiuliza maswali mpaka ugali uungue.

Aliyenifundisha kazi hii ni Profesa Muchiri. Wazazi wake walitoka Murang'a wakanunua ardhi Trans-Nzoia, karibu na Kitale, na yeye akakulia katikati ya mahindi yasiyo na mwisho, ya kulimwa kwa trekta. Alikuwa mkali, mwenye kicheko cha kutikisa madirisha, na alikataa kusoma kazi ya mwanafunzi mpaka uwe umemwambia kazi hiyo ni ya nani, kwa jina na kijiji. Ukimwambia ni ya "mkulima" alikuwa anakurudishia karatasi hapo hapo.

"Mkulima ndiye nani? Anaitwa nani? Ako na gumboots ama ako miguu chini?"

Wanafunzi wengi walimkimbia. Mimi nilibaki kwa sababu nilikuwa na majina mengi ya kumpa. Nilizaliwa Naitiri, na huko kila mtu ana jina na kila jina lina shamba.

Huduma yetu ya kwanza ilikuwa ya ujumbe mfupi. Mtu anaandika swali la kilimo kwenye simu yake ya vibonyezo, mashine inamjibu. Kabla hatujaifungulia watu, mimi na Profesa tulikaa tukaijaribu kwa maswali yetu wenyewe. Yeye akaandika: dawa gani ya kuua magugu kwenye mahindi? Mashine ikaleta ile dawa inayoua magugu ya majani mapana na kuyaacha mahindi yakiwa mazima kabisa. Profesa akapiga meza kwa furaha. Mimi nikacheka.

"Unacheka nini, Nafula?"

"Ukipuliza hiyo kwa mama yangu umemaliza maharagwe yote."

"Maharagwe gani? Swali linasema mahindi."

"Ndiyo, shamba la mahindi."

"Sasa maharagwe imetoka wapi?"

"Iko ndani."

"Na mbona asiseme?"

"Aseme nini? Kwani wewe ukisema unakunywa chai, unasema iko na maziwa?"

Tulibishana mpaka wahudumu wa ofisi wakaja kuchungulia. Kwake Kitale, shamba la mahindi ni mahindi matupu, na kitu kingine chochote chenye majani mapana ni adui. Kwetu, katikati ya kila mistari miwili ya mahindi kuna mstari wa maharagwe. Mahindi yana sifa, ndiyo yanayotajwa na baba akiulizwa amelima nini. Maharagwe ni ya mama. Yanakomaa mapema, wakati stoo imeshafagiliwa na mahindi bado yako na maziwa, na katika miezi hiyo hayo ndiyo yanayoweka watoto hai. Hakuna anayeyataja kwa sababu hakuna shamba lisilokuwa nayo. Ile dawa haijui maharagwe ni ya mama. Inaona jani pana, inaua.

Jumamosi iliyofuata nilimpeleka Profesa Naitiri. Akatembea mstari kwa mstari hadi viatu vyake vya ngozi vikawa vizito kwa matope, akala maharagwe mabichi kwa Mama sahani mbili. Njiani kurudi, tulipokaribia Kitale, akasema, "Tuache yale mengine yote. Hii ndiyo kazi yetu sasa."

Na kweli ndiyo ikawa kazi yetu. Tuliifanya mashine irudishe swali kabla ya kujibu. Ukiuliza dawa ya magugu, inakuuliza kwanza: ndani ya hayo mahindi kuna nini kingine? Profesa alikuwa analiita swali la shemeji, kwa sababu shemeji hapewi jibu akiwa bado mlangoni, anakaribishwa kwanza na kuulizwa habari za nyumbani. Mkiona ni jambo dogo, jaribuni kulifanya. Mashine ikiuliza kila kitu, watu wanachoka wanaondoka. Isipouliza, inaua. Utafiti wetu wote ulikuwa kuifundisha ijue ni lini ijibu moja kwa moja, na ni lini ijizuie iulize. Tuliandika makala, watu wa mbali wakayasoma na kuyataja katika makala yao, na mpaka leo kuna vijana katika nchi nisizowahi kufika wanaojenga mashine zao juu ya swali la maharagwe ya mama yangu bila kujua maharagwe yenyewe yanafananaje. Hilo halinikasirishi, ndivyo elimu inavyosafiri.

Kinachonikasirisha ni nyinyi mnaoyajua.

Lakini ngojeni kwanza niwape mambo mawili matatu ya kazi, maana nikiingia kwenye hasira moja kwa moja nitasahau, na haya hamtafundishwa darasani.

Simu si mtu. Tulipoanza kutumia simu za kisasa zinazojua ziko wapi, ramani yetu ikaonyesha kwamba wakulima wengi ajabu wa Naitiri wanaishi ndani ya kibanda kimoja pale senta, penye maduka. Mwanafunzi mmoja alikuwa ameshaandika ukurasa mzima kueleza msongamano huo wa watu. Kibanda chenyewe kilikuwa cha kuchajia simu. Watu waliziacha pale asubuhi wakaenda kulima. Nilimwambia akienda huko asisahau kupeleka godoro, labda atapata nafasi ya kulala kati ya hao wakulima wote.

Na mwenye simu si yule anayeuliza. Mashine ilikuwa imejifunza kwamba simu fulani ni ya mtu wa kuku, kwa sababu mwenyewe alikuwa anauliza habari za kuku kila mara. Basi jirani akaiazima akauliza dawa ya minyoo, na mashine kwa ujanja wake ikampa kipimo cha kuku. Mgonjwa alikuwa fahali. Yule jirani alikuja mwenyewe ofisini Kitale kutuuliza kama tumewahi kuona ng'ombe, na Profesa akacheka mpaka akashika ukuta. Tangu siku ile, mashine, kabla ya kutumia chochote inachodhani inakijua kuhusu mtu, ilikuwa inauliza: unajiulizia mwenyewe au unamuulizia mtu?

La mwisho ndilo kubwa, nalo lishikeni hata mkisahau mengine yote. Someni ukimya. Mtu akiuliza, akajibiwa, halafu akauliza tena hapo hapo kwa maneno mengine, jibu la kwanza halikumfaa. Huyo ni rahisi kumuona. Lakini mtu akijibiwa akanyamaza kabisa, msifurahi. Labda ameridhika. Labda simu imezima. Labda amefuata mlichomwambia na sasa hana haja tena ya kuuliza, kwa sababu hakuna kilichobaki cha kuulizia. Profesa alikuwa anatutuma tuwapigie watu walionyamaza, mmoja mmoja, na tulikuwa tunaichukia kazi hiyo kuliko zote.

Sasa nije kwa yaliyotokea.

Mdogo wangu Rosa aliolewa hapo hapo Naitiri na sasa ni mjane. Shamba lake ni la kutosha kumlisha yeye na wajukuu anaokaa nao, ukilima vizuri na mvua ikikubali. Mwanawe Wafula ni fundi wa pikipiki Kitale, anakaa mtaa wa Tuwan, kijana mwenye heshima ambaye hapitishi wiki bila kumpigia mamake. Msimu huu, mahindi yakiwa yamefika magotini na palizi imewadia, mama mkwe wa Rosa alilazwa hospitalini Lugulu. Rosa akaenda kumuuguza. Magugu hayangojei mgonjwa apone, na Wafula akaona mamake atarudi akute shamba limemezwa. Akaamua kumsaidia. Akiwa Tuwan akashika simu, akaiuliza ile huduma dawa ya magugu ya mahindi. Siku hizi haiandiki tu, inaongea, kwa sauti tamu ya kike kama ya mtangazaji wa redio. Ikampa jina la dawa, kipimo, na namna ya kupuliza asubuhi kabla ya upepo. Wafula akanunua dawa kwenye duka la agrovet pale Kitale, akaazima pampu, akaenda Naitiri akapuliza shamba lote mwenyewe. Hata mipaka hakuisahau.

Rosa aliporudi kutoka Lugulu hakulia kwenye simu. Afadhali angelia.

"Dada, hebu nikuulize. Ile mashine yenu bado ni yenu?"

"Kwa nini?"

"Maharagwe imejikunja yote. Imekunjamana hivi kama imechomwa na maji moto. Wafula anasema ni mashine imemwambia."

"Haiwezi. Ingemuuliza kwanza."

"Haikuuliza. Ongea na yeye, ako hapa, anataka kulia."

Nikapewa Wafula. Nilikuwa tayari kumgombeza, lakini akanitangulia.

"Auntie, mimi najua hiyo mashine. Mwaka jana iliniuliza maharagwe, nikasema iko, ikanikataza. Sasa mwaka huu haikuuliza. Si nikajua hii dawa ni mpya, haina shida na maharagwe? Ningejuaje? Ni ile yenu, bana. Niliamini."

Mmesikia? Kijana hakukosea. Kwa miaka mingi tuliwazoesha watu kwamba palipo na hatari, mashine itauliza. Wakatuamini, wakaacha kuuliza wenyewe. Halafu mtu akaketi mahali akalitoa lile swali, na kulitoa kukawa sawa na kuwaambia wote kwamba maharagwe yako salama. Na nilijua Rosa hakuwa peke yake. Palizi ilikuwa ndiyo imeanza Bungoma nzima. Wafula wangapi walikuwa wanauliza saa ile?

Nikatoka Kitale nikaenda Bungoma siku hiyo hiyo. Huduma yetu ilichukuliwa na shirika moja baada ya mimi kustaafu, na anayeongoza vijana wa pale ni mwanafunzi wangu, Kevin. Kijana mwerevu, sitamnyima hilo. Ofisi yao ina viti vya kuzunguka na mashine ya kahawa, na ukutani kuna skrini kubwa yenye michoro ya kijani. Aliponiona akaruka.

"Doc! Niaje! Umekuja kabla hatujakuita. Tunataka picha yako ya bango."

"Bango gani?"

"Si tunakufanyia sherehe? Ya impact ya utafiti wako. Wafadhili wanakuja, kutakuwa na tuzo. Hata tumehesabu ni watu wangapi wametaja makala yako, Doc. Utashangaa!"

"Kevin, swali la maharagwe liko wapi?"

Akajikuna kichwa. Nilimfundisha huyu, najua akijikuna hivyo jibu lake ni lipi.

"Tulilitoa, Doc, pamoja na lile la unamuulizia nani. Yalikuwa yanachelewesha. Watu walikuwa wanauliza, mashine inawarudishia swali, wengine wanakata. Wafadhili wakiona hiyo kwa graph inakuwa mbaya."

"Na sasa inajuaje kama kuna maharagwe?"

"Inajua yenyewe! Si wewe ndiye ulitufundisha muktadha? Inaangalia mahali simu hukaa. Simu ikiwa ni ya Kitale, inajua huko ni mahindi pekee, inajibu straight. Ikiwa ni ya Bungoma inaongeza onyo."

"Nionyeshe swali la simu hii," nikamwambia, nikampa namba ya Wafula.

Akabonyeza. Likatokea: Tuwan, Kitale. Mkulima wa mahindi matupu. Jibu limetolewa. Hakuuliza tena. Na mbele yake, kwa rangi ya kijani, neno moja: ameridhika.

Wanangu, mimi ni mtu wa kanisa na sitaandika hapa nilichosema. Tuwan! Tuwan ni vyumba vya kupanga na vibanda vya biashara, nguo zimeanikwa mpaka juu ya mitaro. Nani analima mahindi Tuwan, atayapanda juu ya mabati? Kila mtu anayelala Tuwan ana mama mahali, na mama huyo ana shamba, na shamba hilo lina maharagwe. Hayo Kevin anayajua kuliko mimi. Kwao ni Lugulu. Amekula maharagwe hayo tangu alipoota meno. Hakukosa elimu na hakukosa akili, aliyajua yote na akayaweka kando kwa sababu mchoro ulikuwa unapendeza zaidi bila hayo. Huyo ndiye ninayemkasirikia, na nyinyi mnaofanana naye.

"Rudisha swali," nikasema.

"Doc, si rahisi hivyo. Kuna utaratibu. Lazima kamati ikae, tufanye majaribio, labda baada ya miezi mitatu tukitoa toleo jipya. Na sasa kuna sherehe..."

"Palizi itakuwa imekwisha."

"Najua. Pole kwa mdogo wako, kwa kweli. Tutaona vile tutamsaidia, hata kama ni mbegu."

Alisema kwa upole sana, na upole wake ndio ulionizidishia hasira. Mtu akikufokea unaweza kumfokea. Huyu alikuwa ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kijana niliyemfundisha kuandika programu yake ya kwanza. Nikavuta kiti nikakaa. Nikamwambia simu yake iko pale mezani, ampigie mamake, aweke sauti nje, amuulize amepanda nini.

"Sasa mama anaingiaje hapa?"

"Piga."

Akapiga, ili niondoke nadhani. Wakaanza kwa Kibukusu, kisha mama aliposikia kuna mgeni, mwalimu wa Kevin kutoka Kitale, akahamia Kiswahili, akanisalimu kwa heshima, akaniuliza habari za Kitale na mvua.

"Mama, shambani mwaka huu umepanda nini?" Kevin akauliza.

"Mahindi, baba. Si unajua?"

"Mahindi pekee?"

"Ee, mahindi."

"Na maharagwe?"

"Sasa hiyo si iko ndani! Wewe unauliza nini leo? Kwani nitapanda mahindi bila maharagwe, mtakula nini mkikuja?"

Vijana wengine ofisini wakacheka. Kevin naye akatabasamu kidogo, akanitazama kama anayesema haya, umeshinda, Doc. Mimi sikuwa nimemaliza. Nikamuinamia yule mama kwenye simu nikamuuliza kama amepalilia.

"Bado, mwalimu. Mgongo unanisumbua. Lakini baba yake Kevin amesema nisijali. Yeye huwa Kitale kazini, anakuja leo. Ameuliza kwa simu yake ile mashine ya kazi ya Kevin, ikamwambia dawa ya kununua. Anapenda hiyo kitu sana, anaambia watu wote ni kijana yake ametengeneza. Ati akifika tu anapuliza kabla mvua inyeshe."

Kevin alisimama ghafla hata kiti kikaanguka nyuma yake.

"Mama, mwambie asipulize!"

"Kwani kuna nini?"

"Asipulize, Mama! Hata asifungue hiyo chupa!"

Akakata, akampigia babake. Haikupokewa. Akapiga tena, anazunguka chumba akijishika kichwa, na mimi nikakaa nikimtazama, na sikumhurumia. Ilipopokewa tulisikia sauti ya mzee kutoka stendi, amechangamka, anauliza kama Kevin atafika nyumbani wikendi.

"Baba, ile dawa usiitumie. Itaua maharagwe."

"Lakini si ni mashine yenu imeniambia?"

"Najua."

"Na haikusema kitu juu ya maharagwe."

"Najua, Baba. Ilikosea. Usiitumie, tafadhali."

"Sawa," mzee akasema polepole. "Sasa hiyo ingine iliniambia ya ng'ombe, nayo niamini?"

Kevin akaweka simu chini bila kunitazama. Akaenda kwenye kompyuta yake, akaita kijana mmoja na msichana mmoja, wakaanza kuandika. Hakuna kamati iliyokaa wala toleo jipya lililongojewa. Mtu mmoja aliniletea chai, na kabla sijaimaliza swali la maharagwe lilikuwa limerudi, pamoja na lile jingine. Nikajaribu kwa simu yangu mwenyewe. Ile sauti tamu ikaniuliza: ndani ya hayo mahindi kuna nini kingine?

Nikawaambia jambo moja tu la mwisho, kwamba wawapigie wote waliouliza dawa ya magugu tangu palizi ianze na wakaandikiwa kwamba wameridhika. Wote. Msichana akaanza kuchukua namba. Kuhusu bango, nikamwambia Kevin picha yangu asiitafute, na viti vya sherehe awape watu wa Bungoma wakae wakimweleza walichopoteza.

Nimesoma mara nyingi kwamba utafiti wangu una athari kubwa. Najua sasa athari yake inafananaje. Nimeishika kwa mikono yangu, kwa sababu kutoka Bungoma nilikwenda moja kwa moja Naitiri kumsaidia Rosa. Mashina ya maharagwe yalikuwa yamevimba na kupinda, majani yameviringika, maua yameshakauka kabla hayajawa chochote. Wafula alikuwa mwisho wa shamba anang'oa peke yake, ametupa mgongo, hataki mtu amwone uso. Nikafunga leso, nikaingia mstari mmoja na Rosa, tukawa tunang'oa na kuweka marundo. Nikamweleza yote, kuanzia skrini ya kijani mpaka baba yake Kevin pale stendi. Nikamwambia swali limerudi, na kwamba majirani zake watakaouliza kesho wataulizwa.

"Hiyo ni vizuri," akasema. Akang'oa kidogo. "Na uliniambia walisema itachukua muda gani?"

"Miezi mitatu."

"Halafu wakasikia ni ya mamake."

"Ndiyo."

Akasimama, akashika kiuno, akanitazama.

"Kwa hivyo ilikuwa inawezekana tu, dada? Siku zote?"

Nilimwambia ndiyo, ilikuwa inawezekana. Rosa akainama tena, akaendelea kung'oa.